Mzee Kawawa alikaa namba mbili miaka yote ile bila kinyongo, moyo ule aliutoa wapi?

#1 Kijana wa Litola

Wakuu habari za jioni.

Kuna jambo linanikaa kichwani siku nyingi, nimeona nilete tulichambue bila matusi. Tarehe 22 Januari 1962, nchi ina wiki sita tu tangu uhuru, Mwalimu Nyerere anajiuzulu uwaziri mkuu anasema anakwenda kujenga chama. Kiti anamwachia Rashidi Mfaume Kawawa, mtoto wa Matepwende huku kwetu Namtumbo, umri miaka 35. Karibu mwaka mzima Kawawa ndiye serikali, mawaziri wako chini yake, hazina iko chini yake, polisi na jeshi ndio usiseme. Desemba 9 mwaka uleule inakuja Jamhuri, Mwalimu anarudi akiwa Rais na Kawawa anasogea anakuwa Makamu. Hakugoma, hakuunda kundi, hakwenda kulialia kwa mabalozi. Na akabaki hapohapo nyuma ya Mwalimu mpaka wote wawili wakazeeka.

Sasa tazameni majirani, mwaka mmoja tu wa 1966. Kenya Odinga katoka kwenye umakamu kwa ugomvi, Uganda Obote na Kabaka Mutesa wakamalizana kwa risasi pale Mengo. Sisi yetu yalipita kimya mpaka watoto wa siku hizi hawajui kwamba kulikuwa na kukabidhiana kiti mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Swali langu ndio hilo la kichwa cha uzi. Jibu langu mimi ni familia. Mzee alikuwa mtoto wa kwanza, baba yake mwindaji wa tembo, nyuma yake wadogo kibao. Alisoma mpaka Tabora, nafasi ya kwenda Makerere aliipata akaiacha, akaenda kutafuta ajira ili wadogo zake nao wasome. Mtu aliyesogeza sahani kwa wadogo zake tangu kijana, ukubwani hawezi kugombania kiti.

Nawasilisha. Karibuni mnipinge.

#2 Mlalahoi Halisi

Mkuu umeandika vizuri ila umeandika kwa mapenzi. Kawawa hakuwa na njia nyingine, basi. TANU ilikuwa ya Mwalimu, jina linalojulikana vijijini ni la Mwalimu, uchaguzi wa urais Novemba 1962 Mwalimu alimgaragaza Zuberi Mtemvu mpaka huruma. Kawawa angegoma angefuatwa na nani? Mtu asiye na watu nyuma yake akitulia msimwite mpole, mwiteni mwenye akili.

#3 Tabora Boy

Tabora School. Mwalimu wetu, Kawawa wetu. Wengine endeleeni kusoma uzi taratibu.

#4 Mama Wawili

@Tabora Boy na wewe pia ni wa hukohuko? Basi ile hoja ya shule imeshakufa 😂

#5 Mkongwe wa Ilala

Mlalahoi kijana wangu, eti hakuwa na watu nyuma yake? Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa 1955 katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa nani? Makuli wa bandari, watu wa reli, wakata mkonge, maboi wa majumbani kwa wazungu, wote walikuwa wanasikiliza TFL inasema nini. Kabla ya hapo alikuwa anaongoza chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Huyo sio mtu wa kuokotwa njiani na kupewa uwaziri mkuu.

Na 1956 akaacha kazi serikalini. Hapa vijana nisikilizeni vizuri. Enzi hizo karani wa serikali ni mtu mkubwa, ana mshahara wa mwisho wa mwezi, ana heshima, ukoo mzima unamtazama yeye. Na mtumishi wa serikali alikuwa haruhusiwi kuwa mwanachama wa TANU. Sasa mtu ana mke, ana wadogo anaowasomesha, anaacha mshahara wa uhakika anakwenda kwenye ofisi ya wafanyakazi ambayo michango yenyewe inakuja leo kesho haiji. Kwa hiyo hata hoja ya mleta uzi kwamba alikuwa mtu wa familia mimi naikubali lakini ina kona, maana hapo alichagua jambo ambalo familia ingeweza kulala njaa.

#6 Kijana wa Litola

Mzee wangu wa Ilala shikamoo. Hiyo kona nimeiona, ngoja niitafakari. Lakini mimi naona ni kitu kilekile, aliowasaidia mwanzo ni wadogo zake, baadaye wakawa wafanyakazi wote.

#7 Mlalahoi Halisi

Hapo umeruka mto bila daraja mkuu. Kusomesha wadogo zako na kuongoza mgomo wa wafanyakazi wapi na wapi?

#8 Jirani wa Kisumu

Hamjambo ndugu zetu. Mimi nasomanga tu hapa lakini hii imenivuta. Hiyo TFL mkiiunda 1955, Tom Mboya alikuja huko Dar kusaidia, yeye tayari alikuwa mkubwa kwa federation ya huku Kenya. Sasa angalia hawa wawili, vijana wa vyama vya wafanyakazi, wote wakaingia serikalini, wote wakawa karibu na rais. Mboya alipigwa risasi Nairobi Julai 5 1969 akitoka kwa duka la dawa Government Road, hakuwa amefikisha miaka 39, tukamzika Rusinga. Kawawa akaishi hadi 2009 akaona wajukuu.

Mimi siamini ni tabia. Mboya hakuwa mbaya. Ni nchi. Huku namba mbili alikuwa anaonekana ni hatari hata akinyamaza. Kwenu kulikuwa na nafasi ya mtu kuwa namba mbili na alale usingizi.

#9 Mkongwe wa Ilala

Jirani karibu sana. Umesema jambo zito.

#10 Msomaji Mtulivu

Uzi mzuri. Ila mnasahau kwamba Kawawa ndiye Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hii, wa pili ni Sokoine. Mtu wa kwanza siku zote anakuwa na busara zaidi kwa sababu hana wa kumwiga.

#11 Fundi Mchundo

@Msomaji Mtulivu hapana mkuu. Wa kwanza ni Nyerere mwenyewe, alikuwa Waziri Kiongozi 1960 halafu Waziri Mkuu 1961 mpaka huyo Januari 1962. Kawawa ni wa pili. Halafu cheo kikapotea kilipokuja cha Rais, kikarudi Februari 1972 akapewa Kawawa tena mpaka Februari 1977, ndipo Sokoine akaingia. Kwa hiyo Kawawa kakaa kwenye cheo hicho mara mbili, katikati alikuwa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano 1964 Makamu wa Pili kwa sababu wa Kwanza alikuwa Mzee Karume.

Na hapa ndipo nataka mleta uzi aangalie tena. Kawawa alishuka sio mara moja. Desemba 1962 kutoka Waziri Mkuu kwenda Makamu. Aprili 1964 kutoka Makamu peke yake kwenda Makamu wa Pili. 1977 kutoka Waziri Mkuu kwenda Waziri wa Ulinzi chini ya Sokoine, ambaye ni mdogo kwake kiumri na kwenye chama. Na hiyo wizara ndiyo aliyokuwa nayo vita ya Kagera ilipolipuka 1978. Mtu mwingine angesema nipeni ubalozi nikapumzike.

#12 Binti wa Magomeni

Kumbe. Mimi barabara ya Kawawa naipita kila siku na mwendokasi kutoka Morocco mpaka Magomeni, nilikuwa najua tu alikuwa "kiongozi wa zamani". Asanteni kwa darasa.

#13 Mwanaliwale

Wakuu naomba niweke sawa jambo moja. Mleta uzi anamvuta Mzee kwa Wanamtumbo peke yao. Kazaliwa Matepwende sawa, hatukatai, lakini utoto na shule ya mwanzo ni kwetu Liwale, huko kwenye tembo ndiko baba yake alikokuwa anafanya kazi. Mtoto ni wa anayemlea jamani.

#14 Kijana wa Litola

Haya Mwanaliwale chukueni utoto, sisi tubaki na kitovu 😀

#15 Mwanaliwale

Tumechukua. Ila mimi nina la pili na hili halina kicheko.

Wazee wetu wanampenda Kawawa kama mtoto wa nyumbani na hapohapo wana kidonda cha Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na serikali iliyokwenda kulitekeleza ilikuwa na Waziri Mkuu Kawawa, na baada ya ile madaraka mikoani ya 1972 mikoa yote ilikuwa inaripoti ofisi ya Waziri Mkuu. Babu yangu alikuwa na mikorosho yake kaipanda mwenyewe mstari mstari, unasimama mwisho wa shamba unauona mti wa kwanza. Wakaja watu na gari na mgambo, wakaambiwa hameni, ndani ya siku chache wako kijiji kipya barabarani. Mikorosho ikabaki kule porini. Mwanzoni babu alikuwa anaamka usiku anatembea kwenda kuokota korosho na kurudi, akachoka, nyasi zikapanda, moto ukapita, nguruwe wakahamia. Mpaka anakufa alikuwa akisikia harufu ya korosho zinachomwa anaulizia shamba lake.

Na hayo hayakuwa ya babu peke yake. Msimu wa 1973/74 nchi ilitoa tani kama 145,000 za korosho, kufika 1986/87 hata 20,000 hazifiki. Najua kulikuwa na sababu nyingine, bei mbovu, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, lakini watu kuwekwa mbali na mashamba yao ni sababu kubwa.

Sasa swali langu kwa mleta uzi. Mtu anayejua familia ni nini, aliyeacha Makerere kwa ajili ya nyumba ya baba yake, alisimamiaje jambo lililovunja nyumba za watu namna ile? Siulizi kwa ubaya. Nampenda. Ndio maana nauliza.

#16 Mama Wawili

Mwanaliwale umenigusa, pole kwa babu.

#17 Mlalahoi Halisi

Hapo ndio jibu langu la #2 linarudi. Alikuwa mtekelezaji. Mwalimu anawaza, Kawawa anatekeleza. Mtu asiyebisha juu hawezi kuwasikiliza wa chini. Upole kwa bosi unalipiwa na mwananchi.

#18 Mkongwe wa Ilala

Mlalahoi punguza. Unajua hiyo amri ya 1973 ilikuja na zahanati, na visima, na shule? Mimi nilikuwa kijana, nilifundisha elimu ya watu wazima kijiji kipya, kina mama wa makamo wanashika chaki mara ya kwanza. Na Kawawa alikuwa na historia na jambo hilo tangu ukoloni, yupo ustawi wa jamii alikuwa anahangaika na kufundisha watu wazima kusoma. Yeye alikuwa anaamini kweli. Unaweza kusema aliamini vibaya, lakini usimfanye tarishi.

Kwa babu yake Mwanaliwale sina jibu. Mtu akipoteza mikorosho yake humwambii habari ya kisima.

#19 Fundi Mchundo

Hata mimi nina wasiwasi na picha ya "mtekelezaji tu". Kuna lingine gumu zaidi. Alipokuwa Waziri Mkuu 1962, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na zikaja sheria za kubana migomo. Mwaka huo huo Mwalimu yuko mikoani. Yaani aliyekuwa katibu mkuu wa wafanyakazi ndiye aliyekuwa kwenye kiti wakati migomo inawekewa mnyororo. Halafu baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 TFL yenyewe ikavunjwa ikaja NUTA chini ya serikali. Chama alichokijenga kwa mkono wake kikafa yeye akiwa Makamu wa Rais.

Je huo ni utii, au ni kubadilika mawazo, au aliona nchi changa haiwezi kubeba migomo? Sijui na sidhani kama mtu mmoja hapa anaweza kujibu yote.

#20 Kobe Mpole

Umetaja maasi ya 1964. Si ndio aliyokimbia na Mwalimu wakajificha Kigamboni na Oscar Kambona akabaki kuongea na askari? Hapo ujasiri wa "Simba wa Vita", kama mnavyomwita Kawawa, ulikuwa wapi?

#21 Mkongwe wa Ilala

Kobe, askari wa kambi ya Colito wamevunja nidhamu usiku, wanataka wakubwa wazungu watoke, wanataka mishahara, ulitaka Rais na Makamu wake wote wawili wakae Ikulu wakamatwe kwa pamoja? Zanzibar wiki moja kabla serikali imepinduliwa. Kuondolewa pale ilikuwa ni kazi ya usalama. Na kumbuka nani alikuwa pembeni ya Mwalimu kwenye zile siku. Mtu mwenye tamaa siku kama ile ndiyo anayoingojea. Yeye alikaa na mkubwa wake, na siku zilipoisha wakatoka pamoja wakarudi kazini.

#22 Kobe Mpole

Sawa mzee, hiyo ya "siku kama ile ndiyo anayoingojea" nimeielewa.

#23 Mama wa Ukonga

Naomba niongee la nyumbani maana mmekuwa wanasiasa sana.

Baba yangu naye ni mtoto wa kwanza. Aliacha shule akaenda kufanya kazi kwenye karakana ili baba zangu wadogo wasome, na wamesoma, mmoja ni injinia. Mama alikuwa anatunza kopo la maziwa chini ya kitanda, ndani yake risiti za ada za shemeji zake, zimekunjwa vidogo vidogo zimefungwa kwa kamba ya katani. Baba hajawahi kuzitupa. Na kila ugomvi ukitokea kwenye ukoo, kopo linatolewa. "Huyu nilimlipia hii, huyu nilimlipia ile." Mpaka leo baba zangu wadogo wakija nyumbani wanakaa nusu kiti.

Kwa hiyo mleta uzi nakuambia kwa uzoefu, kujitolea kwa ajili ya wadogo hakumfanyi mtu awe hana kinyongo. Wengine kunawafanya wadai maisha yao yote. Kwa Kawawa lazima kulikuwa na kitu kingine, na mimi nasema ni mke. Mama Sofia Kawawa. Mwanaume anayerudi nyumbani akamkuta mtu wa kuongea naye kama mwenzake hahitaji kupiga kelele ofisini. Yule mama alikuwa kiongozi mwenyewe, mwenyekiti taifa wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, sio mtu wa kukaa jikoni akingoja mgeni aondoke.

#24 Binti wa Magomeni

Dada hilo kopo 🙌 Yaani kila ukoo unalo.

#25 Kijana wa Litola

Mama wa Ukonga umenipiga pazuri. Sikuwahi kulitazama hivyo.

#26 Mtu wa Chake

Assalaam aleikum. Mmemtaja Bi Sofia. Huku kwetu jina lake lina kumbukumbu nyengine, 1988 alipozungumzia ndoa za wake wengi na mambo ya mirathi, watu wakaingia barabarani mjini Unguja mwezi wa Mei na roho mbili zikapotea. Mie sitaki kulifukua hapa lakini msimfanye kama alikuwa mke wa kumtuliza mume tu. Alikuwa na msimamo wake na aliusema, na uliwaka moto.

#27 Mama wa Ukonga

Waaleikum salaam kaka. Ndicho nilichosema mimi, hakuwa mke wa kutuliza. Na fikiria ile 1988 mume wake ni Katibu Mkuu wa CCM. Wanaume wangapi wenye cheo kile wangewafungia wake zao milango wasiseme neno? Yeye mama aliendelea na kazi zake. Hiyo ni nyumba yenye heshima kwa pande zote mbili, kama hukubaliani na mama au unakubaliana naye.

#28 Mtu wa Chake

Hapo nakupa haki yako.

#29 Tabora Boy

Mnaweza kuwa mmesahau Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi ya 1967, kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa, asipokee mishahara miwili. Na ilisemwa wazi kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mke wake. Kwa hiyo mama naye alifungwa na kamba hiyohiyo. Familia nzima iliingia kwenye utumishi, sio mzee peke yake. Mimi nadhani ndio maana hakukuwa na haraka ya kupanda, kupanda kulikuwa hakulipi.

#30 Mlalahoi Halisi

Hiyo hoja ya Tabora Boy leo ina maana kuliko zote. Siku hizi mtu anapigania cheo kwa sababu cheo ni kiwanja, ni tenda, ni nyumba. Ukiondoa hivyo vitu wapole watakuwa wengi.

#31 Jirani wa Kisumu

Sawa kabisa. Ndio nilikuwa nasema ni nchi.

#32 Msomaji Mtulivu

Jamani mnajua pia alikuwa msanii wa sinema? Miaka ya 50 mwanzoni aliigiza Muhogo Mchungu, yeye ndiye staa. Na 1953 alipelekwa Urambo kule Tabora kufanya kazi na Wakikuyu waliokuwa wamewekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau.

#33 Mama Wawili

Sinema?? Waziri Mkuu msanii? Wale wanaosema bongo movie haina pa kufika wasome hapa 😂

#34 Fundi Mchundo

@Msomaji Mtulivu hiyo ni kweli zote mbili, na ya Urambo ndiyo inayonivutia. Kijana wa serikali ya mkoloni anakaa na watu ambao mkoloni kawafunga kwa kudai ardhi yao. Miaka miwili baadaye yuko TFL, mitatu baadaye kaacha kazi. Huenda jibu la uzi huu liko Urambo na sio Makerere wala Matepwende. Ukishaona watu walichopoteza, kiti chako mwenyewe kinakuwa kidogo.

Na kwa kuwa watu wanapenda kumcheka kwa vile vichekesho vya mtaani vya miaka ya 70, mjue Januari 1967 ni yeye Makamu wa Pili aliyetoa agizo kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mlinzi, karani, mkulima aliyekuja na shida yake, wote wakaweza kusoma barua inayowahusu. Sisi tunaobishana hapa kwa Kiswahili tuna deni naye.

#35 Kobe Mpole

Hilo la Kiswahili nilikuwa najua ni la Mwalimu.

#36 Fundi Mchundo

Kila kitu kizuri ni cha Mwalimu na kila kibaya ni cha Kawawa. Ndio gharama ya namba mbili.

#37 Mkongwe wa Ilala

Fundi hapo umesema kweli. Na hilo jina la Simba wa Vita, nilikuwa nalisubiri. Wengine wanasema ni la enzi za migomo ya wafanyakazi na kudai uhuru, wengine wanasema ni la Kagera kwa sababu alikuwa Waziri wa Ulinzi. Mimi nililisikia kabla ya Kagera, nikiwa mdogo. Lakini wenzangu wa rika moja wanaapa kwamba ni la vita.

#38 Mwanaliwale

Kwetu ni la uhuru.

#39 Kijana wa Litola

Kwetu pia la uhuru. Leo tumekubaliana Liwale na Namtumbo, andikeni tarehe.

#40 Mama wa Ukonga

Nyumba yake ya Songea pale Bombambili siku hizi ni makumbusho, nilipeleka wanangu likizo. Mdogo akaniuliza "huyu babu alikuwa rais?" nikamwambia hapana. Akasema "sasa mbona ana makumbusho?" Nikakosa la kumjibu haraka haraka, maana ni swali kubwa kweli kwa mtoto aliyefundishwa kwamba wa kwanza ndiye anayehesabiwa.

#41 Mlalahoi Halisi

Nina la mwisho kwa mleta uzi na wote mnaosema hakuwa na tamaa. 1985 Mwalimu anang'atuka. Majina yaliyokuwa mezani ni matatu, Mwinyi, Salim na Kawawa. Kwa hiyo jina lilikuwepo. Mtu asiyetaka jina lake linafikaje mezani?

#42 Mkongwe wa Ilala

Linafikishwa na wenzake. Katibu Mkuu wa chama tangu 1982, mtu wa tangu TFL, ulitaka wasimtaje? Cha kuangalia ni alichofanya baada ya hapo. Alimpisha Mwinyi, ambaye kwenye chama alikuja nyuma yake sana, na akaendelea kuwa Katibu Mkuu mpaka 1990. Umri karibu miaka 60, ile ndiyo nafasi ya mwisho, baada ya hapo hakuna nyingine na yeye anajua. Mpaka hapo hata hoja ya "alikuwa anamwogopa Mwalimu" inaisha nguvu, kwa sababu Mwalimu alikuwa anaondoka.

#43 Mlalahoi Halisi

Mwalimu alibaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990 mzee wangu. Hakuondoka.

#44 Mkongwe wa Ilala

Hiyo ni kweli.

#45 Jirani wa Kisumu

😄 Mzee amenyamazishwa.

#46 Mkongwe wa Ilala

Sijanyamaza jirani, natafuta miwani. Mlalahoi, mwenyekiti alibaki, lakini baada ya 1990 Kawawa kaishi karibu miaka 20 mingine, na kumi ya mwisho Mwalimu hayupo tena duniani, alifariki 1999. Katika miaka hiyo vyama vingi vimekuja, magazeti yamefunguka, kila mstaafu ana kitabu au ana malalamiko. Ulimsikia Kawawa akisema alionewa? Ulimsikia akisema mimi ndiye niliyefanya hiki na kile? Alifariki Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa kwake Madale Januari 2. Mimi nilikwenda kuzika. Vumbi la barabara ya Madale siku ile, wazee wenzangu wa NUTA na makofia yao, wanajeshi, kina mama wa UWT na vitenge, na watu wa kawaida tu waliopanda daladala wakateremka wakatembea.

#47 Mlalahoi Halisi

Shikamoo mzee. Hiyo ya baada ya 1999 nakiri ni ngumu kuijibu. Lakini kuna maelezo mengine, labda alikuwa na siri za wengi, na mwenye siri za wengi hufundishwa kunyamaza na kazi yenyewe.

#48 Mwanaliwale

Na mimi swali langu la #15 bado halijajibiwa, natoa taarifa tu.

#49 Kijana wa Litola

Mwanaliwale nimelisoma mara nyingi leo, sina jibu la kukupa ambalo babu angelikubali. Nitawauliza wazee wa Matepwende waliohamishwa wenyewe maana hata huku Operesheni ilipita, nikipata cha maana nitakileta hapahapa. Ukipata nafasi andika majina ya vijiji vya zamani vya huko kwenu, vile vilivyohamwa. Wengine hawavijui kabisa.

#50 Mwanaliwale

Nitaviandika. Mama yangu bado anavikumbuka vyote, kesho namkalisha na kalamu.